Maswali ya Wasomaji: Binti Mwenye Mikebe ya Viwavi, na Mengine Kuhusu Mageuko ya Wadudu

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Kakamega, Bondo, Busia na Nakuru, na zote zinagusa jambo moja: wadudu, jinsi walivyogeuka kwa mamilioni ya miaka, na maisha ya watu waliochagua kuwachunguza. Anayejibu ni mtaalamu wa wadudu ambaye ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na sasa anaishi Kakamega.

*Daktari, salamu nyingi kutoka Kisumu. Binti yangu yuko kidato cha nne. Amesema wazi kwamba hataki uuguzi wala uhasibu. Anataka kusomea wadudu, tena jinsi walivyotokea na kubadilika tangu zamani. Chini ya kitanda chake kuna mikebe ya viwavi. Baba yake amekasirika, nami sijui nisimame upande gani. Huyo mtaalamu wa mageuko ya wadudu hufanya nini hasa maishani mwake? — Mzazi, Nyalenda, Kisumu*

Mama, kabla ya kukueleza lolote kuhusu kazi hii, ningekuomba uketi na binti yako jioni moja na kumwambia akufungulie mkebe mmoja. Kama viwavi hao aliwachuma kwenye mlimau au mchungwa, basi ninawafahamu vyema, kwa maana ndio walioniingiza mimi katika kazi hii. Nyumbani kwa nyanya yangu, Shinyalu, kulikuwa na mlimau nyuma ya jikoni, na juu ya majani yake niliona kitu nilichodhani ni kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe, hadi siku moja kinyesi hicho kilipotambaa. Nilimgusa kwa ncha ya kijiti. Nyuma ya kichwa chake zikachomoza pembe mbili laini zenye rangi ya chungwa, zikatoa harufu kali iliyonipanda puani, kisha zikarudi ndani polepole kana kwamba hazikuwahi kuwapo. Siku chache baadaye, baada ya kujivua ngozi, kiwavi yule yule alikuwa wa kijani kama jani alilokuwa akilila. Nilimuuliza nyanya ni nani aliyemfundisha kujificha kwa namna mbili, moja ya utotoni na nyingine ya ukubwani, naye akanijibu kwamba nimuulize kiwavi mwenyewe. Nimekuwa nikimuuliza tangu siku hiyo.

Mtaalamu wa mageuko ya wadudu hutafuta majibu ya maswali mawili: nani ni jamaa ya nani, na umbo au tabia fulani ilipatikana kwa njia gani. Miezi ya mvua huwa yuko msituni na wavu wake, au usiku amewasha taa mbele ya shuka jeupe akiwasubiri nondo. Miezi mingine huwa ameinama juu ya hadubini akihesabu mishipa ya bawa moja, au akichunguza viungo vya uzazi vya dume, ambavyo mara nyingi ndivyo pekee vinavyotenganisha spishi mbili zinazofanana kwa kila kitu kingine. Siku hizi hukata mguu mmoja wa mdudu ili kupata DNA yake. Mwaka 2014 watafiti zaidi ya mia moja walilinganisha jeni 1,478 kutoka kwa zaidi ya spishi mia moja, wakakadiria kwamba wadudu walitokea takriban miaka milioni 480 iliyopita na kwamba walianza kuruka angani takriban miaka milioni 400 iliyopita, muda mrefu sana kabla ya ndege yeyote kuwapo.

Nikupe mfano wa hapa petu. Katika Msitu wa Kakamega kuna kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu na nyeusi, mwenye mikia miwili, na popote umwonapo katika bara hili hubadilika kidogo tu. Majike, kinyume chake, wana sura nyingi: yuko mweusi mwenye madoa meupe, yuko mwenye rangi ya chungwa, na wengi wao hawana mikia kabisa. Kila sura ya jike inafanana na kipepeo wa jamii nyingine ambaye mwili wake una sumu na ambaye ndege wamejifunza kumwepuka. Kwa muda mrefu wataalamu waliwapa majike hao majina tofauti, wakiamini kuwa ni spishi mbalimbali, hadi Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha katika miaka ya 1860 kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Karibu miaka mia moja baadaye Cyril Clarke na Philip Sheppard waliwazalisha vipepeo hao kwa vizazi vingi huko Liverpool ili kufuatilia jinsi sura hizo zinavyorithiwa, na mwaka 2014 utafiti ukazihusisha na eneo moja dogo la jeni, karibu na jeni iitwayo engrailed. Fikiria, mama: miaka mia na hamsini ya kazi, watu ambao hawakuwahi kuonana, kipepeo mmoja. Anayechagua njia hii hupokea swali kutoka kwa waliomtangulia, na mara nyingi huliacha kwa watakaomfuata likiwa limejibiwa nusu.

Kuhusu maisha yao, ningependa baba yake asikie habari za watu watatu. Maria Sibylla Merian alizaliwa Ujerumani mwaka 1647, wakati wasomi wengi walikuwa bado wakiamini kwamba wadudu huzaliwa na matope au nyama iliyooza. Akiwa msichana alifuga viwavi wa hariri nyumbani, kama binti yenu, na akachora hatua zao zote kutoka yai hadi nondo. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli pamoja na binti yake hadi Suriname, akakaa huko miaka miwili hivi hadi maradhi yalipomrudisha, na mwaka 1705 akachapisha kitabu ambacho michoro yake inatazamwa hadi leo.

Wa pili ni Willi Hennig, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1913, mtaalamu wa nzi. Katika Vita vya Pili vya Dunia alijeruhiwa, akahamishiwa kazi ya kupambana na malaria, na mwaka 1945 akawa mateka wa Waingereza nchini Italia. Huko kifungoni, bila maktaba na bila mkusanyo wa wadudu, aliandika rasimu ya kitabu kilichochapishwa mwaka 1950 na ambacho kilibadilisha namna tunavyochora ukoo wa viumbe wote. Alisema kwamba undugu hauthibitishwi na kufanana kwa jumla, bali na sifa mpya ambazo viumbe wamezirithi pamoja kutoka kwa babu wao wa karibu. Nitairudia kanuni hii katika jibu lijalo, kwa kuwa bila hiyo hatungewaelewa hata kumbikumbi.

Wa tatu ni mtu wa kwetu. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931, alisoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya wadudu waharibifu Uganda, halafu akaenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu. Utaalamu wake ulikuwa zaidi katika jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science akitetea sayansi itakayokua katika Afrika Mashariki yenyewe, na mwaka 1970 ICIPE, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kikaanzishwa Nairobi chini ya uongozi wake. Tawi lake la Mbita, ufuoni mwa ziwa lile lile mnalolitazama kutoka Kisumu, lina jina lake. Ukivuka daraja kutoka Mbita utafika Kisiwa cha Rusinga, ambako miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 18 imehifadhi visukuku vya wadudu, wakiwamo viwavi wenye miili laini, jambo ambalo ni adimu mno duniani. Kama kuna safari moja ya kumpeleka binti yako baada ya mtihani, ni hiyo.

Sitakuficha ugumu wake. Mkusanyo wangu wa miaka sita uliwekwa katika stoo ya chuo kimoja ambayo paa lake lilivuja, na nilipofungua masanduku baada ya likizo nilikuta pini zimesimama wima, vijikaratasi vya majina vikiwa mahali pake, na chini ya kila pini kichungu kidogo cha vumbi la kahawia. Mbawakawa wadogo wanaokula mizoga mikavu walikuwa wamemaliza kila kitu. Nililia siku ile, na nikaanza upya mvua iliyofuata. Mwulize binti yako kama angeanza upya. Akijibu ndiyo kabla hujamaliza swali, msimame upande wake.

*Daktari, shikamoo. Mwalimu wetu wa Biolojia alisema kwamba kumbikumbi ni jamaa ya mende wala si ya siafu, na darasa zima likacheka. Nyumbani tunawala kumbikumbi, na hakuna anayeweza kula mende. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, kidato cha pili, Kakamega*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako alisema kweli tupu, na unaweza kujithibitishia mwenyewe mvua zitakapoanza na kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, watakapotoka.

Mkamate mmoja kabla hajadondosha mabawa yake, umweke juu ya karatasi nyeupe. Tazama mabawa: ni manne, na yote yanakaribia kulingana kwa urefu na umbo. Tazama papasi zake: zimenyooka kama uzi wa shanga. Tazama mahali kifua kinapokutana na tumbo: hakuna kiuno. Sasa mtafute chungu au siafu mwenye mabawa. Mabawa yake ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma, papasi zake zimekunjika kama kiwiko, na kiuno chake ni chembamba kiasi cha kukushangaza asikatike. Kiuno hicho na papasi hizo utaviona pia kwa nyigu wengi, kwa sababu siafu na chungu wote wametoka katika ukoo wa nyigu. Kisha chimbua watoto wao. Mtoto wa chungu ni funza mweupe asiye na miguu, anayepaswa kupitia hatua ya bundo, ile ya kutulia bila kula huku mwili ukiundwa upya, kabla ya kuwa mkubwa. Mtoto wa mchwa anatoka kwenye yai akiwa na miguu sita, mwenye sura ya mzazi wake, kama vile mtoto wa mende.

Lakini unakumbuka kanuni ya Hennig niliyoitaja hapo juu: kufanana kwa jumla hakutoshi. Panzi pia huzaliwa na sura ya mzazi wake. Kwa hiyo wataalamu walitafuta sifa mpya ambazo mchwa na mende wamezirithi pamoja, nao wakazipata mahali wasipotarajia. Huko Australia yupo mchwa aitwaye Mastotermes darwiniensis, ambaye hutaga mayai yake yakiwa yamepangwa pamoja katika kifurushi, kama mende anavyofanya, na bawa lake la nyuma lina kipande cha ziada kilichopanuka kama la mende. Huko Amerika Kaskazini na Asia ya Mashariki yupo mende wa jamii ya Cryptocercus, asiye na mabawa, anayeishi ndani ya magogo yaliyooza, anayekula mbao, na ambaye wazazi wake wawili hukaa na watoto wao kwa miaka wakiwalisha. Utumboni mwake mna viumbe wa seli moja wanaomsaidia kusaga mbao, wa jamaa moja na wale walio katika matumbo ya aina za kale za mchwa. Mwaka 2007 uchunguzi mpana wa DNA ulimaliza ubishi: mchwa wote wamo ndani kabisa ya ukoo wa mende, na huyo mende wa magogo ndiye ndugu yao wa karibu zaidi. Tukisema sawasawa, mchwa ni mende waliojifunza kuishi kwa ufalme.

Na mchwa wa vichuguu vikubwa vya kwetu, ambao kumbikumbi wao Wajaluo huwaita ngwen, walipiga hatua nyingine. Wao ni wakulima. Ndani ya kichuguu, wafanyakazi hujenga masega ya majani na vijiti vilivyosagwa na kupitishwa matumboni mwao, na juu yake huotesha kuvu ambayo haiishi popote pengine isipokuwa kwa mchwa. Uyoga mkubwa unaochipuka juu ya vichuguu baada ya mvua, ule ambao akina mama huuza kando ya barabara, ni tunda la shamba hilo. Katika bonde la Rukwa, Tanzania, limepatikana sega la namna hiyo lililogeuka kuwa jiwe, lenye umri wa takriban miaka milioni 25. Wakati huo hapakuwa na binadamu duniani, wala jembe, wala hindi moja.

Wazee wetu wanajua mengi kuhusu mdudu huyu ambayo hayajaandikwa. Wanaojua kuwatoa mchwa kwa kugonga vijiti karibu na shimo, kama matone ya mvua, wanajua pia ni aina ipi itatoka na ipi haitajali. Nenda na daftari ukawaulize ni aina gani, mwezi gani, saa ngapi, baada ya mvua ya kiasi gani, uandike kila jibu pamoja na tarehe na jina la kijiji. Waweke wachache katika chupa yenye spiriti, na ndani ya chupa hiyo hiyo utie kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka. Mdudu asiye na tarehe wala mahali ni pambo tu.

*Daktari, zamani mbu akigusa chandarua chenye dawa alianguka papo hapo. Siku hizi wanatua juu yake, wanapumzika, wanaruka tena. Majirani wanasema tunaletewa vyandarua bandia. Ukweli ni upi? — Mama wa watoto wanne, Bondo*

Dada yangu, umeyaona mageuko kwa macho yako, na ninakushukuru kwa kuandika, kwa maana watu wengi hudhani ni jambo la mawe na mifupa ya kale.

Dawa iliyotiwa katika vyandarua vingi ni ya jamii ya pairethroidi, ambazo ziliundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile lile lililokuwa likilimwa sana upande wa Nakuru. Sumu hiyo hushika milango midogo iliyo katika neva za mbu na kuiacha wazi, hadi mbu anatetemeka na kuanguka. Sasa, katika mamilioni ya mbu, wamekuwapo wachache ambao jeni ya mlango huo ina kosa dogo sana, herufi moja tu, inayobadilisha kiungo kimoja cha protini, serini ikikaa mahali pa lusini, na dawa inashindwa kushika vizuri. Pasipo dawa, kosa hilo halimpi mbu faida yoyote. Vyandarua vilipoenea, wengine walikufa na wachache hao wakataga mayai; na kwa kuwa kizazi cha mbu hapa kwetu huchukua wiki chache tu, miaka michache ikatosha. Mwaka 2000 wanasayansi waliripoti badiliko hilo katika mbu wa magharibi mwa Kenya. Hakuna mbu aliyejifunza kuvumilia dawa. Waliokuwa hawavumilii hawakuacha watoto.

Vyandarua vilifanya jambo la pili pia. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa Siaya mwishoni mwa miaka ya 1990, vilipunguza vifo vya watoto wachanga, na katika miaka iliyofuata mbu aina ya Anopheles gambiae, anayependa kumuuma binadamu ndani ya nyumba, akapungua sana, huku jamaa yake, Anopheles arabiensis, ambaye huridhika na damu ya ng'ombe, akiwa na sehemu kubwa zaidi ya mbu waliobaki.

Kwa hiyo chandarua chako huenda si bandia hata kidogo. Endelea kuwalaza watoto ndani yake, kwa sababu hata dawa ikidhoofika kitambaa bado humzuia mbu. Ziba matundu, na ukikifua kianike kivulini. Utakapogawiwa kipya, uliza kama kina PBO, kemikali inayovizuia vimeng'enya ambavyo mbu wengine huvitumia kuivunja dawa mwilini. Hiyo ni hatua yetu katika mashindano haya, na mbu nao watachukua yao. Ndiyo maana watafiti wa vituo vya Kisian, karibu na Kisumu, na Mbita hawaachi kuwakusanya na kuwapima kila msimu.

*Je, kazi hii ina mshahara? — Kijana, Busia*

Ina mshahara, ingawa nafasi ni chache na subira ni ndefu. Wanaoajiri ni KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa upande wa mbu na magonjwa, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, kwa upande wa mazao, ICIPE, makumbusho ya taifa na vyuo vikuu. Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga hapo Bondo kina kituo kizima cha utafiti wa wadudu kama chakula na lishe ya mifugo. Utafiti wa mageuko peke yake kwa kawaida hudai shahada ya uzamifu na ufadhili wa kuomba mwaka baada ya mwaka. Shika Biolojia, Kemia na Hisabati, na usiidharau Hisabati.

*Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Napenda sana maandishi yako, lakini neno mageuko hunikwaza. Je, mtu anaweza kuifanya kazi yako bila kupoteza imani yake? — Mwalimu mstaafu, Njoro, Nakuru*

Mwalimu, swali lako ni la heshima na nitalijibu kwa heshima. Theodosius Dobzhansky, aliyezaliwa mwaka 1900 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, alianza akiwa kijana kukusanya wadudu kibibi, wale mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa, akashangazwa na jinsi spishi moja inavyoweza kuwa na mapambo mengi, na jinsi mapambo hayo yanavyobadilika kutoka eneo moja hadi jingine. Mwaka 1927 alihamia Marekani, akageukia nzi wadogo wa matunda, na kitabu chake cha mwaka 1937 kiliunganisha elimu ya urithi na mageuko kuliko kingine chochote cha wakati wake. Alikuwa Mkristo wa kanisa la Orthodoksi, naye aliandika hadharani, miaka miwili kabla ya kifo chake mwaka 1975, kwamba haoni ugomvi kati ya imani yake na kazi yake, kwa kuwa kwake mageuko yalikuwa njia ya Muumba ya kuumba. Wako wenzangu wanaokubaliana naye na wako wasiokubaliana naye, na wote hupiga pini wadudu kwa uangalifu ule ule. Mimi mwenyewe huimba kwaya kila Jumapili.

Ninachokuomba ni kidogo. Kama una kitalu cha sukuma wiki chenye vidukari, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, uwatafute wadudu kibibi walio chini ya majani. Wahesabu wale ambao madoa yao yanafanana na wale ambao yanatofautiana, uniandikie ulichokiona. Wajukuu watakusaidia kuhesabu.